Kidole Kwenye Picha ya Kobe

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu: ni nyumba gani isiyo na kufuli wala mbwa wala mlinzi, lakini hata mwizi wa kwao haingii mpaka apige hodi? Hulijui? Basi fumbo hili lishike mkononi twende nalo. Inspekta Volazara naye alikuwa nalo asubuhi ile kituoni Behazoke, limetandazwa mbele ya macho yake, na hakuliona. Ndiyo maana uji wake wa mtama ulipoa mpaka ukafanya ngozi juu.

Kilichotandazwa mezani kilikuwa kitambaa cha picha, kipana kama shuka. Picha yenyewe ni ya kobe wa nyota, yule wa huku kwetu Androy, kusini mwa kisiwa cha Bukini, mwenye gamba jeusi lililochorwa miali ya njano. Ametoa shingo chini ya kichaka cha miiba kama bibi anayechungulia nani kapita. Pembeni umeingia mkono wa mtu unaoelekeza. Chini yameandikwa maneno makubwa: HUYU NDIYE ANAYEPANDA MSITU. AKIONDOKA, NANI ATAPANDA?

Mwenye mkono ule alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, ana pingu.

"Tsiavaloke."

"Naam, afande."

"Picha hii ilipigwa wapi?"

Tsiavaloke akaangalia sakafu.

"Nani mwingine anapajua mahali hapa?"

Akaangalia dari.

"Sakafu umeimaliza, dari umeimaliza. Zimebaki kuta. Nikungoje?"

"Afande, nipeleke tu Ambovombe nikafungwe."

"Unaomba jela kama watu wanavyoomba maji!" Volazara akapiga meza, uji ukamwagikia gamba la kobe. Akaupangusa kwa mkono wa shati lake, amekasirika zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Juzi, kwenye kizuizi cha barabara, askari walisimamisha lori la mkaa. Dereva akaruka akapotelea kwenye mipungate, na mpaka leo labda anachomoa miiba. Kati ya magunia ya mkaa likaonekana gunia moja linalotembea. Ndani walikuwa kobe wawili, wamefungwa miguu kwa utepe wa gundi. Wenzao, wengi, walikuwa wameshapita na gari jingine kuelekea pwani, kwa wanunuzi wa ng'ambo.

Wewe wajua, Mtandroy hamgusi kobe. Ni mwiko wetu tangu zamani. Ukimkuta njiani unamzunguka. Kwa hiyo waliobeba ni watu wa mbali. Lakini watu wa mbali hawajui kobe wanalala wapi. Mtu wa hapa aliwaongoza.

Aliyewatambua kobe wale ni Voahirana, mtaalamu wa wanyama kutoka Antsirabe, ambaye kazi yake ni kuwapiga picha. Hakuna magamba mawili yenye nyota sawa, na yeye anayajua kama mwalimu anavyojua sura za darasa lake. Alipiga magoti mbele ya gunia akasema, "Huyu ni Shangazi. Ona nyota yake hii ya bega, imekatika mwali. Na huyu ni Mzee Kiraka." Kisha akalia mbele za askari bila kujificha. Shangazi ndiye huyo wa kwenye kitambaa. Jina alipewa na wauza mihogo wa sokoni, kitambaa kilipotundikwa pale. Kila siku ya gulio walikuwa wakimsalimia: Shangazi, umeamkaje? Kobe ambao watu walikuwa wakiwazunguka tu, sasa walikuwa wakiulizwa hali.

Ni watu wawili waliokwenda kumpiga picha Shangazi. Voahirana, na kiongozi wake wa njia, Tsiavaloke. Wizi ulipofanyika Voahirana alikuwa Antananarivo, anawaonyesha wanafunzi picha zake. Amebaki nani? Kamanda wa Ambovombe alipiga hesabu hiyo kwenye simu akasema alasiri gari litakuja kumchukua mtu wake, jalada lifungwe.

"Na kama siye?" Volazara alimuuliza.

"Mtu akiwa siye, husema siye. Huyu anasema?"

Hapo ndipo Volazara alipokwama. Huyu hasemi.

"Hodi humu ndani!"

Mlangoni alisimama mtu mzima mwenye kofia ya ukindu. Mkuki wake ameuegemeza nje kwa adabu, mkononi ana sufuria iliyofungwa kitambaa. Ni Mahatsangy, kaka mkubwa wa Tsiavaloke. Hakuingia mpaka alipoitikiwa.

"Karibu, mzee."

"Nimemletea mdogo wangu mtama na maziwa ya mgando. Au sheria yenu inakataza mtu kula?"

"Haikatazi. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo?"

"Tangu baba alale. Kwetu anayesema na waliotangulia ni mimi peke yangu. Huyu, pamoja na ndevu zake zote, ni mtoto. Hata tone la pombe ya toaka hajawahi kumwaga chini akaomba jambo. Akiharibu, aibu ni yangu." Akamwekea mdogo wake sufuria mapajani, akainama karibu naye. "Kula. Na kumbuka utalala wapi."

Kijiko kikamponyoka Tsiavaloke.

Volazara alilielewa neno lile, maana naye ni wa hapa. Jela ina mwisho. Lakini mtu akifungiwa kaburi la baba yake, akazikwa kando kama mbwa wa njiani, hilo halina rufaa. Na mwenye kufungua na kufunga ni kaka mkubwa.

"Mzee, unamtisha mtu wangu?"

"Namkumbusha heshima ya ukoo, mwanangu. Nawe ungekuwa na kaka angekukumbusha kupangusa uji shatini." Akatoka, akaenda kukaa kivulini uani, kungoja sufuria yake.

Koplo Sambelahy, dereva wa kituo, akajikohoza asicheke. Volazara alimtazama tu, naye akakumbuka ana tairi la kujaza upepo.

Voahirana alikuwa chumba cha pili, amekaa sakafuni kando ya beseni walimowekwa Shangazi na mwenzake, anawapa vipande vya mpungate.

"Dada, mara ya mwisho. Niambie mlipopiga picha."

"Siwezi. Nilimwahidi."

"Uliyemwahidi anakwenda jela leo."

"Nikisema, namtia pabaya kuliko jela. Ameniomba kwa machozi, Inspekta."

"Basi niambie mwizi alipajuaje! Wewe husemi, yeye hasemi. Kobe ndiye aliyewaita?"

Voahirana akafunika uso. "Ndilo linaloninyima usingizi. Nilifuta kila kitu. Kamera huwa inaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Nikafuta hayo kwanza. Kilima kilionekana nyuma, nikakikata. Kila kitu cha kumwambia mtu ni wapi, nilikikata. Nimebakisha kobe, kichaka, na mkono wa Tsiavaloke, kwa sababu watu wakiona mkono wa mwenzao wanasogea kuangalia. Ndiyo kazi ya picha. Maneno ya kitaalamu nimeyasema miaka, watu wananipigia makofi na kwenda zao. Picha moja, wanamsalimia kobe! Na sasa picha hiyo hiyo imewapeleka wezi. Afadhali ningekaa kimya."

"Wa kukaa kimya ninao wa kutosha," Volazara akasema.

Jana yake alikuwa ameshapoteza siku nzima kwa mchapaji wa vitambaa huko mjini, kijana wa maneno mengi aliyeapa kwa mama yake na kwa mashine yake. Akamgeuza, akamtikisa, akakuta kweli: aliletewa picha ikiwa imeshakatwa. Njia ile ilifia ukutani, na mafuta ya gari yalifia njiani wakati wa kurudi.

Akatoka nje kupunga hewa. Mahatsangy alikuwa pale pale kivulini, kofia usoni. Sambelahy alikuwa anapiga tairi mateke kulipima.

"Afande, mafuta tumepata kidogo kwa wale masista. Tukipata safari, tupite njia gani? Ya mtoni imejaa mchanga."

"Pita ya juu. Nyuma ya kilima kile, penye makaburi ya..." Volazara akanyoosha mkono kumwonyesha.

Akautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba umeota sasa hivi.

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekunjwa. Kimejikunja chenyewe, ncha imerudi ndani, kifundo ndicho kinachoelekeza. Hakukiamuru. Ndivyo kila mtoto wa Bukini anavyofunzwa kabla hajajua kufunga vifungo: waliolala hawanyooshewi kidole, wala mkubwa wa ukoo anayesema nao. Ukiwanyooshea, kidole kitaoza. Unakikunja, unaelekeza kwa kifundo, na baada ya miaka unasahau kwamba unafanya hivyo.

"Afande? Umeumwa na nge?"

Volazara alikuwa ameshakimbilia ndani. Akauinua ule ukingo wa kitambaa. Mkono wa Tsiavaloke, bangili ya fedha, ngozi iliyopauka vumbi. Na kidole kimekunjwa.

"Voahirana! Njoo hapa. Mtu anamwelekeza kobe namna hii?"

Voahirana akatazama. Mwanzoni hakuelewa; naye ni Mmalagasi, alilelewa hivyo hivyo, jicho lake lilikuwa limepita juu ya kidole kile mara ngapi bila kugonga chochote. Halafu akakigusa kidole cha kwenye kitambaa.

"Nilikata ukuta," akasema polepole. "Nilikata pembe za ng'ombe zilizopangwa juu yake. Kidole sikukiona."

"Kobe yuko mbele, kaburi liko nyuma yake. Na hakuna Mtandroy anayempeleka mgeni kwenye makaburi ya ukoo wa watu. Angechomwa mkuki kabla hujafungua kamera. Kwa hiyo ni kaburi la kwao. Kila aliyepita sokoni akaujua mkono huu wenye bangili, alipajua mahali. Leta picha nzima."

Voahirana akasita, akamtazama Tsiavaloke kupitia mlangoni. Tsiavaloke alikuwa amesikia yote. Alifumba macho. Hakutikisa kichwa kukataa.

Basi kompyuta ya Voahirana ikafunguliwa, na picha nzima ikatokea: Shangazi, kichaka, na nyuma yake ukuta wa kaburi kubwa. Mawe matupu, yamejengwa mpaka kiunoni kisha yakaachwa, na pembe chache juu. Kaburi ambalo halijakwisha.

"Kwa nini pale?" Volazara aliuliza.

"Kwa sababu hakuna mtu anayekata kuni kwenye msitu wa makaburi. Kwingine vichaka vimekuwa mkaa. Kobe wamekimbilia kwa wafu. Mimi nilimsumbua Tsiavaloke anionyeshe walipobaki wengi, akanionyesha."

"Bila ruhusa ya kaka yake."

"Bila ruhusa."

Volazara alikwenda na Sambelahy kwa njia ya juu, gari likipiga kelele kila kona. Msitu wenyewe ni mdogo, miiba mitupu na mibuyu mifupi minene, na njia ya kuingilia ni moja. Pembeni mwa njia, kabla ya kichaka cha kwanza, limesimama jiwe refu, kizingiti cha waliolala. Volazara akashuka, akasimama.

"Twende ndani, afande," Sambelahy akasema.

"Tangulia."

Sambelahy akarudi nyuma ya gari. "Nalinda gari."

"Kutokana na nani?"

"Nalinda tu."

Volazara akauma midomo. Karatasi ya kupekua anayo mfukoni, ina muhuri. Lakini si wa ukoo ule, hakuna aliyemwombea njia, na miguu ilikataa. Hasira zikampanda tena: ushahidi wote upo ndani, yeye amesimama mlangoni kama mdai aliyeambiwa mwenye nyumba katoka! Basi akafanya aliloweza. Akachuchumaa pale pale jiweni, akasoma mchanga wa nje.

Mchanga ulikuwa na habari nyingi. Viatu vya soli za mjini, vingi, vimekuja na kurudi, na vilivyorudi vimezama zaidi, wamebeba mizigo. Na jozi moja ya ndara, zile za tairi la gari tunazovaa sote. Ndara zilikuja mbele ya viatu. Zilipofika kwenye jiwe zikasimama, zote mbili sambamba, zimeelekea kaskazini mashariki waliko wahenga. Viatu vya mjini vilikuwa vimesimama nyuma, vimejazana, vimekanyagana. Vilikuwa vinangoja.

"Sambelahy, njoo huku, hapa si ndani. Hawa walikuwa wanangoja nini?"

Sambelahy akainama. Chini ya jiwe, katikati ya majani makavu, imelala chupa ndogo tupu. Akainusa bila kuigusa. "Toaka."

"Jionee mwenyewe. Amekuja kuiba, ana wageni na magunia, kila dakika ni hatari. Na amesimama akamimina toaka, akaomba njia kwa baba zake, wezi wake wamepanga foleni nyuma."

"Mh! Mwizi mwenye adabu."

"Si adabu. Hakuweza kuingia bila kupiga hodi. Wewe mwenyewe una bunduki na umeshindwa." Volazara akainuka akapanguza magoti. Kutoka pale aliweza kuona kaburi kupitia upenyo wa miiba. Akaitoa picha nzima aliyochapiwa na Voahirana, akaishika juu, akalinganisha. Kwenye picha, mawe matupu mpaka kiunoni. Pale mbele yake, ukuta umefika juu, umepigwa lipu, umepakwa rangi ya buluu mbichi, na mifuko mitupu ya saruji imebanwa kwa jiwe isipeperuke.

"Mwaka huu ng'ombe wamekufa kwa ukame Androy nzima," akasema. "Ukuta huu umepandishwa kwa fedha gani?"

Sambelahy akaenda kuwasha gari. Wakarudi.

Gari la Ambovombe lilikuwa limeshafika, dereva wake anakula mihogo akiangalia saa. Mahatsangy bado alikuwa uani, sasa amekaa wima. Volazara aliwapita wote, akaingia, akafunga mlango nusu, akaiweka chupa mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kando yake akaweka picha aliyopiga kwa simu: ukuta wa buluu.

Tsiavaloke aliangalia chupa. Kisha akaiangalia picha ya ukuta kwa muda mrefu.

"Limekwisha," akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi lisilokuwa la kuomba jela. "Kaburi la baba. Kaka aliniambia nyumbani kwamba hana kitu, ameuza hata mbegu zake za mwisho."

"Mdogo wangu, nisikilize. Ulimpeleka mgeni kwenye makaburi bila ruhusa. Hilo ni kosa la kwenu, si la kwangu, na sitaliandika. Mimi nina wizi. Kamanda akiiona chupa hii atasema ni yako, maana yeye anahesabu watu, hahesabu desturi. Lakini wewe umwage toaka pale, kaka yako yu hai?"

"Nisingeweza. Mkono ungekatika."

"Basi ni nani?"

Nje dereva wa Ambovombe alipiga honi.

"Unaogopa atakufungia mlango wa kaburi la baba? Aliyekwambia kumbuka utalala wapi, ndiye aliyewapitisha watu wenye magunia juu ya alipolala baba yako. Akawaambia wafu wawakaribishe."

Kwenye chumba cha pili Shangazi alikwaruza beseni, akakwaruza tena. Tsiavaloke akageuza kichwa kusikiliza.

"Mwanangu mdogo alikuwa akinibeza," akasema. "Alisema: Baba, kobe ni jiwe linalotembea. Alipoiona ile picha sokoni akakaa mbele yake mpaka mama yake akamvuta. Kwa ajili yake nilikwenda, afande. Nilijua nakosea, nikaenda."

"Najua."

"Asubuhi uliniuliza nani mwingine anapajua mahali hapa."

"Nilikuuliza."

Tsiavaloke akainuka, pingu zikalia. Akausukuma mlango kwa bega ukafunguka wote, uani kukaonekana, na kivuli, na mtu mwenye kofia ya ukindu aliyekuwa anaanza kusimama. Tsiavaloke akainua mikono yake miwili iliyofungwa pamoja, akamwelekeza kaka yake.

"Yule," akasema.

Na kidole alikinyoosha.